Gari Lako ni la Daraja Gani?

Kwa kazi mimi ni mhasibu, na labda ndiyo sababu katika autokrosi nilipenda kitabu cha kanuni kabla sijapenda gari. Ni kitabu kinene, hutolewa upya kila mwaka na Sports Car Club of America, chama ambacho hapa Nebraska hakuna anayekitaja kwa jina refu. Ni SCCA tu. Kurasa zake nyingi hazikufundishi kuendesha. Zinajibu swali moja: gari hili lishindane na lipi? Nimekisoma toleo baada ya toleo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba swali hilo ni la mfuko, ila limevalishwa nguo za ufundi. Wamarekani wamelizunguka kwa zaidi ya nusu karne. Waliolitamka waziwazi, bila haya, walikuwa Nairobi, mwaka 1953.

Kwanza nipanguse vumbi, maana msomaji wa Nairobi au Arusha akisikia autokrosi anaona vumbi. Kwetu jina hilo ni la mbio za njia ya udongo, kama zile za Jamhuri Park, na madaraja yake hayahitaji mwanasheria: magari yanayosukumwa na magurudumu mawili, yale ya magurudumu manne, yenye turbo na yasiyo na turbo, bagi, na watoto katika daraja la Bambino. Waingereza nao wana autokrosi yao ya kwenye majani ya shamba. Ya Marekani ni kitu kingine kabisa. Hutafutwa eneo kubwa la lami au zege, koni za rangi ya chungwa zinapangwa kuchora njia, na gari moja moja linaingia kupindapinda humo kwa dakika moja au pungufu, huku saa ikipima hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2. Ukikosa njia, mzunguko huo umekufa. Zamu yako ikiisha huendi kunywa chai. Unatoka uwanjani kwa miguu kuinua koni walizoangusha wenzako. Hapo daktari wa upasuaji na kijana wa gereji hukimbia bega kwa bega, na ada ya kushiriki ni ndogo kuliko bei ya tairi moja. Ndiyo maana watu huiita mbio za maskini. Subiri kidogo.

Zege tunalokimbilia hapa Lincoln, Nebraska, lilimwagwa kwa ajili ya vita. Lilikuwa uwanja wa jeshi la anga, makao ya ndege za mabomu za B-47, hadi kambi ilipofungwa mwaka 1966. Mashindano ya taifa ya Solo, jina ambalo SCCA inaipa autokrosi yake, yamekuwa yakifanyika hapo tangu 2009, kila Septemba isipokuwa dharura, na huvuta zaidi ya madereva elfu moja. Kabla ya hapo yalikuwa Kansas, mjini Salina na kisha Topeka, ambako kwa miaka mingi nako yalifanyika kwenye zege la kambi ya zamani ya ndege. Uhusiano huu wa magari na jeshi si wa bahati. Mwaka 1952 mbio za barabarani za Watkins Glen ziliua mtoto aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, na mbio za katikati ya miji zikaanza kukataliwa. Aliyewaokoa SCCA ni Jenerali Curtis LeMay, mkuu wa Strategic Air Command, mpenzi wa magari ya michezo, aliyewafungulia viwanja vyake vya ndege. Mbio kubwa baadaye zikajengewa viwanja vyake maalumu. Lami za kijeshi zilizozeeka na maegesho ya magari yakabaki kwa watu wa koni.

Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, na watu wachache waliopenda magari ya michezo. Kilishikilia jambo moja kama imani: uungwana wa kutocheza kwa pesa. Hakuna zawadi ya fedha, hakuna kulipwa. Nikitazama kwa jicho la kazi yangu, imani hiyo ilikuwa rahisi kwao, kwa kuwa aliyeweza kununua Jaguar XK120 mwaka 1950 hakuhitaji zawadi ya fedha. Lakini ilileta tatizo lililodumu: chama kisichotaka kutaja pesa kinapangaje magari? Kikatumia ujazo wa injini, kama Ulaya. MG TC yenye sisi 1250 huku, Jaguar ya lita 3.4 kule. Ujazo ni kipimo kizuri kwa sababu hakina ubishi. Unaweza kupima silinda kwa rula. Ubaya wake ni kwamba unadanganya. Injini mbili za ujazo mmoja zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana, na ile bora ndiyo ghali.

Kufikia miaka ya 1960 SCCA walikuwa wameuacha ujazo kwa magari ya kawaida na kuweka watu mezani waamue, gari kwa gari, lipi lina uwezo wa kukimbizana na lipi. Uamuzi huo ndio uliozaa kitabu ninachokisoma leo. Autokrosi ilipopata mashindano yake ya taifa mwaka 1973, chini ya jina la Solo II, ilirithi mfumo huohuo: orodha ya magari kwa majina na miaka, na kamati ya kuihariri.

Sasa twende Nairobi. Habari inayosimuliwa ni kwamba Eric Cecil, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mashindano ya Royal East African Automobile Association, alialikwa na binamu yake Neil Vincent waende kushindana kwenye njia ya mbio ya Langa Langa, karibu na Gilgil. Cecil akakataa; hata kuwaza kuzunguka palepale kulimchosha. Afadhali, alisema, wafungue milango ya gereji na kuondoka kwenda mbali. Wakatengeneza mashindano ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, mwezi Mei hadi Juni mwaka 1953. Yakaitwa Coronation Safari. Kuanzia 1960, East African Safari.

Ulimwengu unakumbuka matope. Mimi nakumbuka madaraja, kwa kuwa waliyapanga kwa bei ya gari dukani katika Afrika Mashariki. Si ujazo, si nguvu za farasi. Gari la bei ya chini lilishindana na magari ya bei ya chini, la bei ya juu na wenzake, na mwaka ule wa kwanza hakukuwa na mshindi wa jumla. Kwa mnunuzi wa Kampala au Moshi lilikuwa jambo la maana sana: kwa fedha nilizonazo, gari gani litafika? Kamati ilikuwa imewafanyia wateja kazi ambayo wauza magari wasingeifanya. Mwaka uliofuata mshindi wa jumla alitangazwa, na walikuwa Vic Preston na D. P. Marwaha katika Volkswagen, kobe lile la bei nafuu. Tangazo bora zaidi la biashara lisingeweza kuandikwa.

Nimejaribu kuwaeleza wenzangu wa hapa kwa nini jambo hilo linanifurahisha, na pingamizi lao la kwanza huwa la haki. Bei gani? Nairobi mwaka 1953 swali hilo lilikuwa na jibu. Magari yalikuwa mapya, mawakala walikuwa wachache na wanajulikana, orodha ya bei ilichapwa. Hapa kwenye maegesho ya Nebraska, Mazda Miata ya mwaka 1990 moja imelala ghalani chini ya turubai na nyingine imeoza chasi kwa chumvi ya barabarani ya majira ya baridi. Bei zake hazifanani hata chembe. Na hata Afrika Mashariki bei haikudumu: mashindano yalipokua na kuingia kwenye kalenda ya kimataifa, wenye kalenda walitaka lugha yao, na ujazo wa injini ukachukua kiti. Nakubali. Ila nasikitika kidogo.

Turudi kwenye kitabu. Kundi la kwanza na maarufu zaidi la SCCA ni lile la magari ambayo hayajaguswa sana, lililoitwa Stock hadi 2013 na Street tangu 2014. Gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani, lakini unaruhusiwa kubadilisha shokapu, stabilaiza moja ya mbele au ya nyuma, pedi za breki, kichujio cha hewa, na ekzosi kuanzia baada ya katalisti. Rimu ziwe na upana uleule wa kiwandani. Kipenyo kinaweza kupungua au kuongezeka inchi 1. Ukitaka kugusa zaidi ya hapo unapanda: Street Touring, Street Prepared, Street Modified, Prepared, hadi Modified ambako gari huwa limebaki gari kwa jina tu. Kila kundi lina madaraja ndani yake kwa herufi. Yapo pia madaraja ya wanawake, yenye herufi L mwishoni, ambayo mwanamke anaweza kuyaingia au kuyaacha na kushindana na wote. Ni sehemu ya kitabu ambapo anapangwa mtu, si chombo, na ubishi wake ni wa zamani kuliko magari mengi yaliyoorodheshwa.

Ukisoma haraka, Street ni kundi la mwananchi. Lakini tazama neno shokapu. Kitabu hakisemi ziwe za bei gani. Basi watu wakaagiza shokapu za kutengenezwa kwa vipimo vyao, za maelfu ya dola, na kuzifunga kwenye gari kuukuu lililonunuliwa kwa pungufu ya hapo. Halafu matairi. Kabla ya 2014 kundi hili la magari ya kawaida lilitawaliwa na matairi ya mbio, Hoosier hasa, laini kiasi kwamba ubora wake ulikwisha baada ya mizunguko michache ya koni, na mwenye nia ya ubingwa wa taifa alibeba seti mpya. Ndipo SCCA wakakata shauri: matairi yawe ya barabarani, yenye namba ya kulika iliyochapwa ubavuni isiyopungua kiwango fulani, na baadaye kiwango kikawa 200. Kadiri namba ilivyo kubwa, tairi hudumu zaidi, angalau kwa nadharia.

Nilicheka kwa sauti nilipoelewa kilichofuata. Namba hiyo hupangwa na mtengenezaji mwenyewe. Kampuni za matairi zikaona soko, zikatengeneza matairi yenye 200 ubavuni na tabia ya tairi la mbio. Bridgestone walipotoa RE-71R mwaka 2015, kila mtu akaitaka, na wengine wote wakakimbilia kuifikia. Mkaguzi wa hesabu analijua jambo hili: ukiweka kikomo kwenye namba, watu watairekebisha namba.

Viwanda vya magari navyo vilisoma kitabu. Kwa kuwa gari lazima liwe kama lilivyouzwa, njia ya kupata gari bora ilikuwa kuuza gari bora. Chevrolet waliweka kwenye orodha ya Camaro chaguo lililofichwa kwa msimbo 1LE, lenye breki na vifaa vya mbio. Dodge walitoa Neon yenye herufi ACR, American Club Racer, gari la bei nafuu lililopunguziwa anasa na kuongezewa uwezo wa kona, na kwa miaka kadhaa likatamba katika daraja lake. Hili la Neon silioni kama ulaghai. Lilimpa mwalimu wa shule silaha sawa na ya mwenye duka.

Lakini moyo wa SCCA ni barua, si magari. Mwanachama yeyote anaweza kuiandikia Solo Events Board akiomba gari lihamishwe daraja, sheria ya rimu ilegezwe, tafsiri ya neno fulani itolewe. Kamati ndogo hupitia, bodi huamua, na majibu huchapwa kila mwezi katika jarida la chama liitwalo Fastrack. Jibu la kukataa mara nyingi ni sentensi fupi ya adabu: asante kwa maoni yako. Sentensi hiyo imekuwa utani wa kitaifa; ukimwambia mwenzako amechelewa kufunga breki atakujibu hivyohivyo. Nami nauthamini utaratibu huu kuliko watani wake. Uamuzi una tarehe, una rekodi, na wote wanausoma siku moja. Gari likishushwa daraja kutoka mahali lilipoonewa, matangazo ya kulitafuta huanza wiki ileile na bei hupanda. Kamati isiyotaka kutaja pesa, kumbe inapanga bei ya magari yaliyotumika nchi nzima.

National Auto Sport Association, NASA bila roketi, iliundwa mwaka 1991 na watu waliochoka na barua. Wana autokrosi pia, ila falsafa yao inaonekana wazi zaidi kwenye madaraja yao ya uwanja wa mbio. Hawaulizi gari ni aina gani. Wanalipandisha kwenye mizani pamoja na dereva, wanapima nguvu kwenye mashine ya daino, wanagawanya. Pauni 8 kwa kila nguvu ya farasi, daraja hili. Pauni 10, lile. Pauni 14, lile lingine. Siku ya kwanza nilipoelezwa nilitaka kusimama nipige makofi: hatimaye hesabu! Kisha ukaja ujanja. Ikiwa kinachopimwa ni kilele cha nguvu, fundi wa kompyuta ya injini anaweza kukikata kilele na kuacha uwanda mpana wa nguvu chini yake, na gari likawa na kasi zaidi kuliko cheti chake. NASA wakalazimika kukokotoa wastani wa nguvu badala ya kilele. Na mgawanyo haumwondoi tajiri. Magari mawili yenye uwiano mmoja hayana shokapu za bei moja.

Vilabu vya chapa havinichukui muda. Porsche Club of America ni ya 1955, BMW Car Club of America ya 1969, na zote zina siku zao za koni zenye chakula kizuri kuliko chetu. Kanuni zao za madaraja hutofautiana kutoka tawi hadi tawi, baadhi zikitumia pointi kwa kila badiliko. Sioni haja ya kuzichambua. Bei imekwisha kufanya kazi yake getini.

Jaribio lenye akili zaidi kuliko yote si la chama chochote rasmi. Ni hesabu ya mpenzi mmoja wa takwimu ambayo karibu kila tawi la SCCA huitumia. Wanaiita PAX. Kila daraja hupewa namba. A Modified, lenye kasi kuliko yote, lina 1.000, na mengine yote yako chini yake. Unazidisha muda wako kwa namba ya daraja lako: ukikimbia sekunde 50 katika daraja la 0.800, muda wako wa kulinganisha ni sekunde 40. Ghafla Honda ya mwanafunzi inalinganishwa na kifaru cha mabawa cha A Modified. Namba hutokana na matokeo ya mashindano makubwa, yaani zinapima madereva bora katika magari bora ya kila daraja. Kwa hiyo kama daraja lako lina gari moja linalojulikana kuwa ndilo la kuwa nalo, na wewe huna, PAX inakuhukumu kana kwamba unalo. Miata yangu kuukuu inaijua adhabu hiyo vizuri.

Cha ajabu, bei ilirudi Marekani kupitia mlango wa wacheshi. Jarida la Grassroots Motorsports, lililoanza mwaka 1984 kwa jina la Auto-X, jarida la autokrosi hasa, lilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990 mashindano yake ya magari yaliyotengenezwa kwa kikomo cha dola 2,000 hivi. Unakuja na risiti. Nasema tena: risiti! Gari linapita kwenye koni, linapimwa kwa mbio fupi za mstari ulionyooka, kisha majaji wanakagua ubora wa kazi. Mwaka 2006 yakaja 24 Hours of LeMons, mbio za saa nyingi za magari ya dola 500, ambamo vifaa vya usalama, matairi na breki havihesabiwi, kwa hiyo mara nyingi kiti kina thamani kubwa kuliko gari linalokibeba. Majaji wakishuku umedanganya bei wanakukata mizunguko, na waandaaji walijiwekea haki ya kulinunua gari lako kwa dola hizohizo 500. Haki hiyo ya kununua ndiyo kipimo cha kweli cha thamani kinachotambuliwa na taaluma yangu: unasema ni mia tano, haya, tuuzie. Watu wa Safari hawakuihitaji, wao walikuwa na orodha ya dukani. Lakini pande zote mbili zilikubali kusema neno ambalo SCCA kwa malezi yake haiwezi kulisema mezani.

Sasa yamekuja magari ya umeme, na kitabu kimeanza kutokwa jasho. Ni mazito, lakini yanaondoka kwenye koni ya kwanza kama yametupwa. Yamepangwa, yamepangwa upya, yakatafutiwa daraja la majaribio. Uzito si tatizo gumu. Kamati imezoea uzito. Gumu ni kwamba mwishoni mwa 2019 Tesla walianza kuwauzia wenye aina fulani za Model 3 nyongeza ya mwendo kwa dola 2,000, inayoingia garini kupitia intaneti huku limeegeshwa nyumbani. Hakuna boliti iliyoguswa. Hakuna kifaa cha kukaguliwa. Gari ni lilelile, kiwanda ni kilekile, tofauti iko kwenye taarifa ya benki tu. Je, hilo ndilo gari kama lilivyouzwa? Liliuzwa lini: siku ya kwanza au siku ya malipo ya pili?

Nimeandika barua kwa bodi kuuliza, kurasa mbili, na nimeambatisha maelezo mafupi kuhusu Nairobi ya 1953, pamoja na pendekezo kwamba kwa magari ya namna hii, na kwa haya tu, bei iliyolipwa mpaka asubuhi ya mashindano itumike kupanga daraja. Fastrack hutoka kila mwezi. Mke wangu amekwisha kunisomea jibu.